Kufa ni Lazima, Kufa Mapema si Lazima: Dini, Mila na Sayansi katika Bonde la Rukwa

Kifo huwaachia walio hai maswali manne. Kwanza, kwa nini binadamu hufa? Pili, ni nini kilichomuua mtu huyu, siku hii? Tatu, marehemu yuko wapi sasa? Nne, waliobaki waishi vipi? Dini, mila na falsafa zisizo za dini zinatofautiana zaidi katika swali la kwanza na la tatu, na mabishano mengi huishia hapo. Lakini swali la pili na la nne ndiyo yanayoamua ni watu wangapi watazikwa kabla ya kuzeeka. Kwa hiyo kila mtazamo kuhusu kifo unastahili kupimwa kwa jambo moja: unawafanya watu watende nini kabla kifo hakijafika?

Kamsamba ni mahali pazuri pa kulichunguza jambo hilo. Ni kata ya Wilaya ya Momba, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Iko bondeni, upande ambao Mto Momba unaelekea kumwaga maji yake katika Ziwa Rukwa. Ng'ambo ya mto ni Kilyamatundu, mkoani Rukwa. Eneo hili lina Wawanda, Wanyamwanga, Wakulwe na Wafipa, pamoja na wafugaji wa Kisukuma waliohamia na mifugo yao. Wamo Wakatoliki, Wamoraviani, Wapentekoste na Waislamu, wamo wanaoshika mila za mababu, na wamo wasioshika dini yoyote. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 19, inawalinda wote hao, kwa kuwa inampa kila mtu uhuru wa mawazo, wa imani na wa kuchagua katika mambo ya dini.

Simulizi za jadi

Wafipa wana simulizi ya asili ya kifo iliyofika mbali. Inasimulia kwamba Leza, yaani Mungu, alishuka duniani akauliza ni nani asiyetaka kufa. Binadamu na wanyama wote walikuwa wamelala. Nyoka peke yake alikuwa macho, naye akajibu. Tangu hapo viumbe wote hufa, ila nyoka hafi mpaka auawe. Kila mwaka hujivua gamba na kurudia ujana wake. James Frazer, mtaalamu wa mila kutoka Uingereza, aliiweka simulizi hii mwaka 1918 katika kitabu alimolinganisha masimulizi ya Agano la Kale na ya mataifa mengine.

Katika kitabu hichohicho imo simulizi ya Mkulwe, sehemu ambayo leo nayo iko Wilaya ya Momba. Padre Alois Hamberger wa shirika la Mapadre Weupe aliiandika na kuichapisha mwaka 1909 katika jarida la Anthropos. Mito ilifurika. Mungu akawaambia watu wawili waingie katika chombo pamoja na mbegu za kila aina na wanyama, dume na jike. Maji yakapita vilele vya milima, viumbe vingine vyote vikafa. Kisha akatumwa njiwa, akarudi. Akatumwa mwewe, hakurudi, kwa maana nchi ilikuwa imekauka. Msomaji wa Biblia ataona mara moja ufanano na habari za Nuhu, na inawezekana kabisa kwamba mahubiri ya wamisionari yalikwisha kuingia katika simulizi hiyo. Hata hivyo, mbegu zinatajwa waziwazi, na kwa watu wanaolima penye mafuriko jambo hilo lina uzito wake: anayenusurika bila mbegu hajanusurika.

Simulizi hizi mbili zina fundisho linalofanana. Kifo hakikuja kama adhabu ya dhambi kubwa. Kilikuja kwa sababu watu walilala, na waliopona gharika ni wale waliojiandaa. Humo ndani mna wito wa kukesha na kuweka akiba.

Kuhusu marehemu, mila nyingi za eneo hili zinashikilia kwamba hajaondoka kabisa. John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya aliyefariki mwaka 2019, alilieleza wazo hilo mwaka 1969 katika kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Aliazima maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani. Kwa maelezo yake, aliyekufa hubaki katika sasa maadamu yupo mtu aliyemfahamu na anayemtaja kwa jina. Wa mwisho kumkumbuka akifa, marehemu huyo huingia zamani. Kwa mtazamo huu, maisha kamili ni kuzaa, kulea, kufundisha na kupatana na watu, kwa sababu uhai baada ya kaburi uko mikononi mwa jamii. Nguvu yake ni kwamba unamfunga mtu na wenzake. Udhaifu wake ni ukatili dhidi ya asiyezaa, ambaye husemwa kwamba jina lake limepotea, ingawa huenda amelea watoto wa nduguze na kusomesha nusu ya kijiji.

Mkono wa mtu

Imani nyingine ya jadi hugusa swali la pili moja kwa moja: kwamba kifo cha ghafla, hasa cha kijana au mtoto, hakikosi mkono wa mtu. Wataalamu wa mila hawaichukulii imani hii kuwa upuuzi. Inajibu swali ambalo hospitali huliacha wazi: mbu wapo kwa kila mtu, kwa nini amekufa huyu? Inampa mfiwa sababu, na inampa mtu wa kumkasirikia.

Madhara yake, hata hivyo, yanajulikana vizuri katika ukanda huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wasaka wachawi walioitwa Wamchape walienea kutoka Nyasaland (Malawi ya leo) hadi Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) na kuvuka kuingia kusini magharibi mwa Tanganyika. Mwaka 1963 na 1964 walirudi Ufipa kwa jina la Kamchape, na mwanaanthropolojia Roy Willis akachapisha uchunguzi wake juu yao mwaka 1968. Walikusanya watu, wakawanywesha dawa, wakatoa hirizi na pembe majumbani, na kuahidi kijiji kisicho na uchawi wala vifo vya mapema. Ahadi hiyo haikutimia. Malaria haikupungua kwa kutoa pembe darini. Waliobaki na hasara ni wazee walionyooshewa kidole mbele ya majirani na wajukuu wao. Sheria ya Uchawi iliyokuwapo tangu mwaka 1928 haikuliondoa tatizo, kwa kuwa sheria humkamata mtu ila haijibu swali la mfiwa.

Jibu la kweli kwa mfiwa lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya kitabibu: kijidudu gani, kimeingia vipi, na watoto waliobaki watakingwaje. Ya pili ni ya utu: kukaa naye katika uchungu wake bila kumtafutia adui.

Ukristo

Ukristo uliingia kandokando ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Mapadre Weupe walifika Karema mwaka 1885 na baadaye wakaeneza misheni hadi Mkulwe; Wamoraviani walianza Rungwe mwaka 1891, kisha wakaingia nchi ya Wanyiha. Fundisho lao kuhusu kifo linajulikana: Yesu alikufa akafufuka, na wafu watafufuliwa. Kifo ni adui aliyekwisha kushindwa, ingawa bado anauma. Kuhusu maisha kamili, andiko linalotajwa zaidi ni Injili ya Yohana, sura ya 10, mstari wa 10, ambamo Yesu anasema amekuja ili watu wapate uzima, tena kwa wingi. Wahubiri wengi huufanya uzima huo kuwa wa mbinguni tu. Lakini Yesu wa Injili aliponya wakoma, alilisha wenye njaa na alilia kaburini kwa Lazaro; uzima aliouhubiri ulianza na mwili wa mtu aliye mbele yake.

Aliyelielewa hilo kwa vitendo ni Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria. Walimpeleka Malta kusomea udaktari, na mwaka 1889 akafika Karema akiwa katekista na daktari. Alikaa hapo hadi kufa kwake mwaka 1956. Kwa miaka 67 mtu huyohuyo aliwafundisha watu katekisimu na kuwatibu. Hakuona kwamba dawa inamnyang'anya Mungu kazi yake.

Biblia ya Kikatoliki inayo hoja hiyohiyo katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38. Sura hiyo inaagiza kumheshimu tabibu kwa kuwa Mungu ndiye aliyemuumba, na inasema mtu mwenye busara hazidharau dawa zitokazo katika ardhi. Mgonjwa anashauriwa aombe, kisha ampe tabibu nafasi yake. Mistari inayofuata inahusu msiba: mfiwa alie inavyostahili, amzike maiti kwa heshima, kisha ajizuie, kwa sababu huzuni isiyo na mwisho nayo huua. Mafundisho hayo ya tiba na ya matanga yamewekwa katika sura moja, na wakatekista wa bondeni wangefanya vema kuyasoma pamoja.

Uislamu

Katika Uislamu uhai ni amana. Kurani inafundisha kwamba hakuna nafsi itakayoepuka mauti, na kwamba ajali ya kila mtu, yaani muda wake, iko kwa Mwenyezi Mungu. Fundisho hilo humpa Mwislamu utulivu ambao watu wa dini nyingine huuona na kuustaajabia: maiti huoshwa, huvikwa sanda, huswaliwa na kuzikwa upesi, bila makuu, tajiri na maskini kwa kitambaa kilekile cheupe.

Wapo wanaodhani kwamba kuamini kadari ni kukaa na kungoja. Historia ya Uislamu yenyewe inakataa. Khalifa Umar bin al-Khattab alipokuwa njiani kwenda Sham, yaani upande wa Siria, alipata habari kwamba tauni imeingia huko, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida, kamanda wake wa huko, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Tena Mtume alikwisha kuagiza kwamba watu wasiingie penye tauni, na waliomo wasitoke. Na katika sura ya Al-Maida, aya ya 32, kuiokoa nafsi moja kumelinganishwa na kuwaokoa watu wote. Mwislamu anayetandika chandarua hajamshindania Mungu. Amefuata mwendo wa Umar.

Ushairi wa Kiswahili nao umelibeba fundisho hili. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, huutazama mji wa Pate uliokuwa na majumba na matajiri, ukabaki magofu. Mshairi anauhimiza moyo wake uache kudanganyika na mali inayopita. Huko ni kutambua kwamba muda ni mfupi, na kwamba ufupi wake unadai uamuzi wa leo.

Mitazamo isiyo ya kidini

Watu wasio na dini katika Afrika Mashariki ni wachache lakini wapo, na baadhi yao wamejipanga. Nchini Kenya, chama cha watu wasioamini Mungu kilisajiliwa mwaka 2016. Mtazamo wao kuhusu kifo unafuata hoja ya kale ya Epicurus, Mgiriki aliyekufa mwaka 270 kabla ya Kristo: penye uhai kifo hakipo, na kifo kikifika mwenye uhai hayupo, basi hakuna sababu ya kukihofu. Kinachobaki ni kuishi vizuri na marafiki, bila tamaa isiyo na kikomo.

Sayansi haimlazimishi mtu kuacha dini, lakini inatoa picha ya uhai inayosimama bila kutaja muujiza. Sehemu ya ushahidi wake ilianguka katika bonde hilihili. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, wilaya ileile ya Momba. Mawe yaliyookotwa yalikuwa na uzito wa takribani gramu 700 tu, meusi na laini kuliko vimondo vingi. Vimondo vya aina hiyo vilivyoonekana vikianguka ni vitano tu duniani, na kundi lao zima limepewa jina la Ivuna. Thamani yake iko katika muundo wake wa kikemia: ukiacha gesi nyepesi, uwiano wa elementi zake unakaribiana sana na wa Jua lenyewe. Ni masalia ya vumbi lililounda Jua na sayari zake takribani miaka bilioni 4.6 iliyopita. Mwaka 2001 watafiti waliripoti kuwamo kwa asidi amino ndani yake, ikiwamo glisini, ambayo imo pia katika protini za mwili wa binadamu. Na sampuli zilizoletwa duniani na chombo cha Japani kutoka asteroidi Ryugu mwaka 2020 zilipochunguzwa, jiwe la kulinganishia lilikuwa la kundi la Ivuna.

Kimondo cha Mbozi kilichopo Ndolezi, katika mkoa huohuo, ni cha chuma chenye uzito wa tani nyingi. Chuma cha namna hiyo, kama kile kinachobeba oksijeni katika damu ya kila mtu, kilitengenezwa ndani ya nyota zilizokwisha kufa kabla Jua halijakuwapo. Kwa mtazamo wa kisayansi, basi, kifo cha kimoja ndicho chanzo cha malighafi ya kingine. Mwili hurudi udongoni, na udongo hulisha mimea. Anayeshika mtazamo huu bila dini haoni haja ya uhai mwingine ili huu wa sasa uwe na thamani. Anaona kwamba kuwa hai, baada ya safari ndefu hivyo ya vumbi, ni jambo adimu lisilofaa kuchezewa.

Mtazamo huu una hatari yake. Euphrase Kezilahabi aliionyesha mwaka 1974 katika riwaya ya Kichwamaji. Mhusika wake mkuu, Kazimoto, ni msomi aliyepoteza imani ya wazee wake bila kupata nyingine, na mwisho anajiua. Riwaya hiyo haithibitishi kwamba asiye na dini lazima akate tamaa. Inathibitisha kwamba kubomoa maana ya zamani bila kujenga mpya, tena peke yako, ni jambo la hatari. Ndiyo maana wanafalsafa wa utu wanasisitiza urafiki, kazi yenye manufaa na huduma kwa wengine.

Upotofu wa kila upande

Kila mtazamo unaweza kupotoka, na upotofu wake hufanana: kuacha kuutunza uhai uliopo. Mwaka 2011 maelfu ya Watanzania walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 kwa mchungaji mstaafu aliyesema ameoteshwa na Mungu. Wengi walikwenda kwa unyofu wa moyo. Wengine walikuwa mahututi, wakafia njiani au katika foleni, na wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi ambazo Serikali ilikuwa ikizitoa bure tangu mwaka 2004. Katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini ambao, kwa maelezo ya waendesha mashtaka, walifundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Hapo tumaini la uzima wa milele liligeuzwa kuwa chuki dhidi ya uzima wa leo, na watoto walikuwa wa kwanza kulipa.

Kuna pia upotofu wa kimyakimya, usiotangazwa na magazeti. Katika msiba wa kawaida kijijini, turubai limefungwa, wanawake wako kwenye mikeka karibu na mfiwa, wanaume kwenye viti vya plastiki, masufuria ya ugali na maharage yako kwenye mafiga, na daftari la rambirambi linapita mkono kwa mkono. Kabla ya kwenda makaburini husomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa lini, alisoma wapi, ameacha watoto wangapi. Wasifu ukifika kwenye chanzo cha kifo, huwa mfupi sana: aliugua kwa muda mfupi. Kisha hufuata maneno ya faraja, kwamba siku zake zilikuwa zimefika, kwamba Mungu amempenda zaidi.

Faraja hiyo ni ya kweli kwa mwenye imani na haifai kunyang'anywa. Lakini ugonjwa wa siku mbili unaomuua mtoto wa miaka mitatu mara nyingi una jina: malaria, kuhara, nimonia. Malaria ina chandarua, kipimo na dawa. Mgonjwa wa kuhara huokolewa kwa mchanganyiko wa maji, sukari na chumvi ukitolewa mapema. Jina la ugonjwa likifichwa chini ya maneno ya faraja, mtoto wa jirani anabaki katika hatari ileile. Mwenye dini hamkosei Mungu kwa kuitaja malaria kwa jina lake.

Maisha kamili

Kutoka katika mitazamo yote iliyopitiwa unapatikana mwafaka mpana kuliko unavyodhaniwa. Simulizi ya Leza inalaumu usingizi, na ile ya Mkulwe inasifu maandalizi. Mbiti anaonyesha kwamba mtu hudumu ndani ya watu. Bin Sira anaweka sala na tabibu pamoja, naye Umar akageuza msafara. Epicurus anathamini rafiki kuliko mali, na Ivuna inafundisha kwamba uhai ni adimu. Hakuna hata mmoja anayefundisha kwamba kuna fahari katika kufa mapema kwa ugonjwa unaotibika.

Maisha kamili, basi, hayapimwi kwa wingi wa miaka peke yake wala kwa mali. Yana sifa tatu ambazo mwenye dini na asiye na dini wanaweza kuzikubali. Ya kwanza ni kuutunza mwili, wa kwako na wa aliye chini yako. Ya pili ni kuwafaa watu ungali hai, usingoje kusifiwa katika wasifu. Ya tatu ni kukiandalia kifo bila kukikimbilia: kuandika wosia ili mjane na yatima wasinyang'anywe shamba, kulipa madeni, kupatana na ndugu, kumweleza mtoto habari za babu zake.

Swali la wapi wafu wanakwenda litaendelea kuwatenga watu wa bonde hili, na hakuna ubaya, maadamu wanaheshimiana. Swali la nini kilichomuua mtoto halina sababu ya kuwatenga. Padre, mchungaji, shehe, mzee wa mila na mwalimu asiye na dini wanaweza kusimama katika msiba mmoja, kila mmoja akafariji kwa njia yake, kisha wote wakasema jambo lilelile kwa sauti moja: ugonjwa huu unaitwa hivi, unakingwa hivi, mtoto mwenye homa apelekwe zahanati leo, na bibi kizee wa nyumba ya pili asiguswe.